MKANDA WA MBWA MDOGO SIKU YA CHANJO

Leo tutajifunza jinsi ya kumfunga mbwa ili afike salama kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Huenda ukajiuliza kamba ya mbwa inahusu nini na afya ya binadamu. Inahusu sana.

Kichaa cha mbwa huua. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Kati ya watu 100 wanaougua, 99 huwa wameupata kwa mbwa. Wanaoumwa sana na mbwa ni watoto, kwa kuwa ndio wanaocheza nao na kwenda nao machungani. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hushindwa kuenea. Kwa hiyo kila mbwa anayerudi nyumbani bila chanjo anapunguza kinga ya kijiji kizima.

Kwa nini mbwa wengine hurudi bila chanjo? Mara nyingi sababu ni kamba. Mbwa wetu wengi wa kienyeji hawajazoea kufungwa. Siku ya chanjo mtoto humfunga mbwa shingoni kwa waya au kamba ya katani, kisha humburuta hadi ofisi ya kijiji. Mbwa mdogo ana koo laini. Akivutwa shingoni hukabwa, huhema kwa shida, hupata hofu, kisha hung'ata. Mwingine ana kichwa chembamba, hurudi nyuma, kitanzi kinachomoka, naye anakimbilia kwenye mahindi.

Wakulima wa Usangu wanaolima kwa plau wanalijua jambo hili. Ng'ombe akifungwa nira mbaya hupata donda na hukataa kazi. Akifungwa vizuri huvuta bila taabu. Mbwa naye ni hivyo hivyo: mzigo wa kuvutwa ukae kifuani na mabegani, koo libaki huru.

KUCHAGUA KITU CHA KUFUNGIA

Usitumie waya, kwani hukata ngozi. Kamba nyembamba ya nailoni humchoma mbwa, na humchoma pia mshikaji mkononi. Kamba ya katani hukwaruza, na ikilowa kwa manyunyu ya Mufindi au Rungwe fundo hukaza, likawa gumu kufungua. Tyubu ya baiskeli huvutika, hivyo mbwa anaweza kujichomoa.

Kitu kizuri ni kitambaa imara na laini, chenye upana wa vidole vitatu na urefu wa mita 2 hivi. Kipande cha kitenge au shuka kuukuu kinafaa, alimradi hakijaoza. Kijaribu kwanza kwa kukivuta kwa nguvu.

JINSI YA KUMFUNGA

1. Weka katikati ya kitambaa mbele ya kidari cha mbwa, chini ya koo.
2. Pitisha ncha mbili juu ya mabega, zipishane mgongoni. Zifunge hapo fundo moja.
3. Zishushe nyuma ya miguu ya mbele, zipishane chini ya kifua, kisha zirudishe mgongoni.
4. Zifunge mgongoni kwa fundo imara. Fundo lisikae tumboni wala kwapani.
5. Funga kamba ya kumwongozea, yenye urefu wa mita moja na nusu, kwenye makutano ya mgongoni.

Sasa pima. Vidole viwili vipite kati ya kitambaa na mwili. Visipopita, umekaza mno. Mkono mzima ukipita, umelegeza mno, naye atatoka. Mtembeze hatua chache. Akichechemea, au kitambaa kikimsugua kwapani au kikimpanda kooni, fungua ufunge upya.

Anza mazoezi siku chache kabla ya chanjo. Mfunge kwa dakika chache, mpe tonge la ugali, kisha mfungue. Siku yenyewe ashikwe na mtu mzima anayemfahamu, naye akae mbali na mbwa wengine. Mtoto asiachiwe kazi hiyo. Mkirudi, mvue mkanda, uufue na kuutunza. Watoto wa mbwa nao wapelekwe. Afisa Mifugo atawaeleza siku ya kurudia. Tunzeni cheti cha chanjo.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

TAHADHARI

Mbwa aliyebadilika tabia, anayeng'ata ovyo, anayetokwa na mate mengi, anayeyumba au aliyelegea taya, usimfunge wala usimguse. Waondoe watoto, kisha mwarifu Afisa Mifugo na uongozi wa kijiji mara moja.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usipake majani, mafuta wala kinyesi cha mnyama. Mpeleke zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Akianza sindano, azimalize zote kama alivyoelekezwa, kwa kuwa jeraha huweza kupona huku ugonjwa ukiendelea ndani ya mwili.

Kitambaa kuukuu hakina gharama. Kikitumika vizuri, mbwa huchanjwa na mtoto hulala salama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini si vizuri kumvuta mbwa mdogo kwa kamba ya shingoni?
2. Utajuaje kwamba mkanda umekaza mno?
3. Katika kijiji chenu, nani hupeleka mbwa kwenye chanjo? Mfanye nini ili watu wazima waifanye kazi hiyo?
4. Mtoto akikwaruzwa na mbwa leo jioni, mtafanya nini kwanza, na mtampeleka wapi?