Njiwa wa Makka na Kunguru wa Mombasa

Ndugu yetu mmoja aliyerejea kutoka Hija alituuliza katika darasa yetu: Kwa nini njiwa wa Makka hawamkimbii mtu? Akasema aliambiwa na wenziwe kwamba ndege wale ni kizazi cha njiwa wawili waliotaga mlangoni mwa pango la Thaur, na kwamba kwa adabu yao hawaruki juu ya Alkaaba. Kwa ajili hiyo watu hununua nafaka wakawamwagia, wakitaka baraka kwao.

Twajibu hivi. Hadithi ya njiwa wa pangoni, wanazuoni wa hadithi wameihukumu kuwa dhaifu. Ama hilo la kutoruka juu ya Alkaaba, Ibn Atiyya, mfasiri wa Andalus wa karne ya 6 ya Hijra, alilikanusha kwa hoja isiyohitaji kitabu: ndege huonekana kwa macho wakipita juu yake. Ni ajabu kuwa uzushi uliojibiwa zamani namna hiyo wauzwa hata leo pamoja na nafaka.

Sababu ya kweli ni sheria. Ilipofunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra (630), Mtume (S.A.W.) alitangaza kuwa mji ule ni Haram: mti wake usikatwe, na mnyama wake wa kuwindwa asishtuliwe. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas. Tazama: hakukataza kuua tu, bali hata kushtua. Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alieleza kuwa maana yake ni kumwondosha mnyama kivulini ukakaa wewe mahali pake.

Imam Shafii apokea kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliingia Dar al-Nadwa siku ya Ijumaa, akatundika shuka yake. Akatua njiwa juu yake. Umar akachelea isije ikachafuliwa, akamfukuza. Njiwa akaenda kutua pengine, nyoka akamdaka akamuua. Baada ya Sala, Umar, naye ndiye Khalifa, aliwataka Uthman na Nafi bin Abdul-Harith wamhukumu. Wakamhukumu mbuzi. Hakumuua yeye, alimtoa tu penye amani akampeleka penye mauti yake.

Basi ndege ambaye sheria yamlinda kwa karne 14, makinda yake yajifunze nini kwake juu ya mwanadamu? Tena asili ya njiwa yule ni majabalini, na ukuta wa mawe kwake ni jabali. Makao anayo, chakula anacho, na khofu imeondoka. Hapana karama hapo ila amri iliyotiiwa. Na kumlisha kiumbe hai ni sadaka, Makka na kwingineko. Kutaka baraka kwa njiwa ndiko kusiko na asili.

Lakini si kila ndege aliyemzoea mtu ametendewa wema. Kunguru wetu wa Mombasa, mwenye shingo ya kijivu, hushuka hata mezani. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, na Mombasa akaonekana mwaka wa 1947. Huyu hatukumpa amani, tulimpa majaa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, naye ni katika watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Basi kumpunguza si dhambi, maadamu hateswi. Ila manati za watoto wetu hazimpati kunguru, kwani yeye huruka mara aonapo mtu ainama kuokota jiwe. Apigwaye ni tetere, aliyetua uani kwa kutuamini, na sisi tupo barazani twatazama.