Msuguano, Unyevu na Miguu ya Mpanda Mlima

Mtu apandaye Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanza safari katika msitu wenye unyevunyevu, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800, na kuikamilisha katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kimo. Kwa hiyo tofauti ya joto baina ya mwanzo na mwisho wa safari hukaribia nyuzi 26. Soksi na viatu vyake havina budi kufaa katika hali zote mbili.

1. Lengelenge hutokeaje?

Wengi hudhani kwamba lengelenge hutokana na ngozi kukwanguliwa tu. Sivyo. Mguu unapokanyaga, mfupa husogea, bali ngozi hubaki imeshikwa na soksi kwa kani ya msuguano. Tabaka zilizo kati huvutwa huku na huku. Mvuto huo ukirudiwa mara nyingi, ngozi ya juu hupasuka kwa ndani, na nafasi iliyopatikana hujaa majimaji. Ngozi yenye jasho hushikwa na soksi zaidi kuliko ngozi kavu. Kwa hiyo unyevu huongeza madhara. Lengelenge likitumbuka, huwa mlango wa vijidudu vya maradhi, na safari huweza kukoma hapo.

2. Soksi

Pamba hunywa jasho, hulihifadhi, na hukauka polepole. Ikilowa haizuii baridi. Sufu huweza kufyonza mvuke wa maji unaokaribia thuluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji, na huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Nailoni hufyonza maji kidogo, hukauka upesi na haichakai kwa urahisi. Ndiyo maana huchanganywa na sufu. Wengine huvaa soksi nyembamba ndani ya soksi nene, ili mtelezo utokee baina ya soksi na soksi, wala si juu ya ngozi.

3. Viatu

Miguu huvimba kidogo kwa kutembea kutwa. Basi viatu vipimwe jioni, pamoja na soksi zitakazovaliwa safarini. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. La sivyo, wakati wa kuteremka kucha zitagonga ncha ya kiatu. Kiatu kinachobana hupunguza mzunguko wa damu, na penye baridi kali vidole huweza kuganda. Uzito nao uangaliwe: kilo moja miguuni humchosha msafiri zaidi ya mara 4 kuliko kilo hiyo hiyo mgongoni, kwa kuwa mguu huinuliwa na kusukumwa mbele katika kila hatua. Viatu vipya vizoeshwe kwa matembezi mafupi kabla ya safari.

Zoezi

Chukueni soksi ya pamba na soksi ya nailoni zenye uzito unaokaribiana. Zipimeni zikiwa kavu. Zitumbukizeni majini, zikamueni kwa nguvu sawa, kisha zianikeni kivulini. Zipimeni kila baada ya dakika 15 na kuchora grafu ya uzito kwa wakati.

(a) Ni ipi iliyobaki na maji mengi zaidi?
(b) Kwa kutumia grafu, elezeni ni ipi ingemfaa msafiri ambaye jua limemchwea akiwa bado njiani.