"Dada, Niandikie Cha Juu": Somo la Fadhila Kwenye Kaunta ya Duka



Vijana wenzangu, leo tuna somo la maadili: tunapimaje jambo gumu kabla ya kuamua? Nitaanzia mahali ambapo mimi mwenyewe nilianguka, maana nadharia bila maisha inapita tu masikioni.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi: misumari, rangi, kufuli, bawaba. Risiti tulikuwa tunaandika kwa mkono. Siku moja akaja mteja niliyemzoea, jamaa aliyekuwa akiinunulia shule moja vifaa vya ukarabati. Hesabu ikawa shilingi 185,000. Akalipa taslimu, halafu akasogea karibu: "Dada, niandikie 240,000. Na wewe utapata ya soda."

Nikamwangalia mama mwenye duka. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, andika tu. Tukikataa sisi, atanunua kwa jirani."

Nikaandika. Akaniachia 5,000. Na haikuwa siku moja tu. Kinachonitisha mpaka leo ni hiki: mara ya kwanza mkono ulitetemeka, ila mara ya nne nilikuwa naandika huku napiga stori.

Baadaye, kwenye semina ya vijana parokiani, tulifundishwa njia tatu ambazo wanafalsafa wametumia kupima matendo. Wenzangu walikuwa wanaandika kwenye madaftari. Mimi nilikuwa naipitisha ile risiti yangu kwenye kila njia.

1. Kuangalia matokeo

Waingereza Jeremy Bentham na John Stuart Mill walifundisha kwamba tendo jema ni lile linaloleta furaha nyingi zaidi na maumivu machache zaidi kwa wote linaowagusa. Kwanza nikapumua. Mteja kafurahi, mama kauza, mimi nimepata ya soda. Nani kaumia?

Lakini hesabu hiyo hata Mill asingeikubali. Kwake, furaha yangu haina uzito kuliko ya mtu mwingine yeyote, hata yule nisiyemwona. Mimi nilikuwa nimewahesabu waliosimama kaunta tu. Mzazi aliyeuza mahindi ili alipe mchango wa shule sikumhesabu. Mtoto anayekaa chini wakati 55,000 ya madawati imeingia mfuko wa mtu, sikumhesabu pia.

Basi njia hii ina faida: inatulazimisha kuwaona wasiokuwepo. Ila ina shimo. Je, kama shule ingekuwa tajiri na hiyo pesa isingeonekana kupungua, uongo ungekuwa halali? Kanisa linasema hapana. Katekisimu (KKK 1756) inafundisha kwamba haturuhusiwi kutenda ovu ili jema lipatikane, na Mtume Paulo aliligusa jambo hilo mapema katika Warumi 3:8.

2. Kuangalia wajibu

Immanuel Kant, Mjerumani, katika kitabu chake cha 1785 aliuliza swali zito: je, ungetaka kanuni unayoifuata iwe sheria kwa watu wote?

Fikiria kila duka nchini liandike risiti za uongo. Risiti ingebaki na maana gani? Hakuna mwalimu mkuu wala mhazini ambaye angeipokea. Yaani uongo wangu ulifanya kazi kwa sababu tu kuna wauzaji wengine wanaoandika ukweli. Nilikuwa nakula uaminifu wa watu wengine.

Hapo nilijua sikupaswa kuandika. Lakini kujua sikupaswa kuliniacha na swali la pili: nitamwambiaje mama mwenye duka, aliyenipa kazi nilipokuwa sina kitu?

3. Kuangalia fadhila

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliuliza kitu kingine: ukilirudia tendo hili, unakuwa mtu wa namna gani? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliichukua njia hiyo akaiweka katika mwanga wa imani.

Jamani, hapa ndipo niliposhikwa. Mkono uliotetemeka ukaacha kutetemeka. Uongo ulikuwa umekuwa tabia.

Kanisa linazitaja fadhila nne za msingi (KKK 1805), zinazoitwa pia maadili bawaba. Unajua bawaba? Mimi niliziuza! Mlango unaweza kuwa wa mninga, ila bila bawaba haufunguki wala haufungi. Fadhila nyingine zinaning'inia kwenye hizi nne:

Busara. Siyo ujanja wa mjini. Mtakatifu Tomaso anaonyesha kazi zake tatu: kutafuta shauri, kupima, kisha kuamua utende. Wengi wetu tunaishia mbili za kwanza. Tunajua kabisa, ila hatuanzi.

Haki. Kumpa kila mtu kilicho chake. Mama alistahili bidii yangu, heshima yangu na kuwahi kazini. Hakustahili saini yangu kwenye uongo. Na shule ilistahili kujua bei ya kweli.

Ujasiri. Aristotle anauweka katikati ya woga na kukurupuka. Kunyamaza kwangu kulikuwa woga. Ila kama ningepiga kelele mbele ya wateja, "Wezi nyie!", ingekuwa kukurupuka, na mama ningemdhalilisha bure.

Kiasi. Tunadhani kiasi ni mambo ya pombe tu. Kwangu kilihusu ile 5,000. Kitu kidogo, lakini ndicho kilichokuwa kinaniongoza.

Nilichofanya

Nilianza na Kitubio. Halafu nikajifunza kwamba aliyeshiriki wizi ana wajibu wa kurudisha, kwa kadiri ya ushiriki wake na faida aliyopata (KKK 2412). Nikakadiria "soda" zote nilizokula, nikakusanya kidogo kidogo, nikapeleka shuleni kama mchango wa madawati.

Kisha jioni moja, baada ya kufunga duka, nikamwambia mama: "Shikamoo mama. Naomba nisiandike tena risiti isiyo ya kweli. Mteja akija nitamweleza mwenyewe, lawama iwe yangu."

Akanyamaza. Mwisho akasema, "Mwanangu, biashara hutaiweza."

Yule mteja kweli alihamia kwa jirani. Baada ya miezi miwili mama akaniambia mauzo yameshuka, hawezi kuendelea na mimi. Sitawadanganya kwamba Mungu alinipa kazi nzuri zaidi wiki iliyofuata. Nilikaa nyumbani muda mrefu, na kuna usiku nilijiuliza kama nilikuwa mjinga.

Na kuna jambo moja halijaisha moyoni. Sikumwambia mwalimu mkuu juu ya yule mnunuzi. Nilijiambia ni busara. Siku nyingine naona ulikuwa woga uliovaa nguo ya busara. Bado naliombea.

Lakini nilipata kazi nyingine baadaye, na siku mtu aliponiomba "niongezee kidogo kwenye ankara," mkono ulitetemeka tena. Nilimshukuru Mungu kwa kutetemeka huko. Nikasema hapana, na safari hii haikuwa ngumu kama ile ya kwanza.

Hilo ndilo somo la leo. Matokeo na wajibu vinakusaidia kuona. Fadhila inakupa nguvu ya kutenda mteja akiwa amesimama mbele yako na una sekunde kumi tu. Na nguvu hiyo haitafutwi siku hiyo. Inajengwa kabla, kwa mambo madogo, kwa sala na sakramenti. Soma Luka 16:10.

Zoezi la wiki hii

Soma Luka 3:10-14, uone Yohane Mbatizaji alivyowajibu watoza ushuru na askari kulingana na kazi zao. Halafu jiulize:

1. Kwenye kazi au masomo yangu, "cha juu" changu ni kipi?
2. Nani anaumia ambaye simwoni?
3. Mkono wangu umeacha kutetemeka wapi?
4. Kuna kitu napaswa kurudisha?

Ee Bwana, utupe busara ya kuona, na ujasiri wa kuanza. Amina.