Mashua Moja, Watu Wawili

Pengine wewe na mwenzi wako mnangoja mpate pesa za kwenda Mombasa ndipo mpumzike. Wengine hungoja hadi watoto wao wakaoa. Leo tuongee juu ya mapumziko ya nusu siku tu, na ugomvi unaoweza kuzuka humo.

Bwana na bibi mmoja wa Kangemi walinisimulia Jumapili yao. Walipanda matatu, wakapita Westlands, wakashuka mjini na kutembea hadi Uhuru Park. Bustani hiyo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, na kwa miaka mingi familia zilikwenda kupanda mashua katika ziwa lake dogo. Hapo ndipo Papa Yohane Paulo II alipoadhimisha Misa ya kufunga Kongamano la Ekaristi, Agosti 1985, ambalo mada yake ilihusu familia ya Kikristo. Hawa wawili hawakuwa na mawazo hayo. Walitaka upepo.

Walianza vizuri. Halafu mashua ikazunguka pale pale. "Baba Wanjiku, kushoto!" Mume akavuta, wakagonga ukingo, watu wakacheka. "Kushoto kwako au kwangu?" akafoka. Walirudi wamenuna, mume mbele na dereva, mke nyuma.

Kosa lilikuwa la nani? Mpiga makasia huketi akitazama anakotoka. Anayeketi akimkabili ndiye anayeona njia, na kushoto kwake ni kulia kwa mwenzake. Mume aliona anaamriwa mbele za watu. Mke aliona hasikilizwi. Mimi nadhani mume alikosea zaidi, kwa kuwa alijua haoni.

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Mke alikuwa amesimamishwa kazi, na kwa wiki tatu alitafuta nafasi ya kumwambia mumewe. Alitegemea kwamba mashuani, mbali na watoto, angepata ujasiri. Mume alidhani wamekwenda kustarehe tu.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka nyumbani, ulizaneni: unataka siku hii iwe ya nini? Patana juu ya pesa pia, na saa ya kurudi. Anayetaka kunyamaza aseme. Anayetaka kuzungumza naye aseme, hata kama bado hawezi kutaja neno lenyewe.

Baada ya majuma mawili walirudi bustanini. Mke ndiye aliyeshika makasia. Mume, badala ya kutaja kushoto au kulia, alinyosha mkono upande wa kwenda. Hawajafika katikati ya maji, alikuwa amekwisha kumwambia.