Dondoo muhimu: Homa, kichwa na misuli

Katika Ilomba, kata ya Jiji la Mbeya, dawa ya kwanza ya homa na maumivu mara nyingi hununuliwa kwenye duka la dawa muhimu, yaani duka dogo lililosajiliwa, la aina iliyoanzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003, ambalo muuzaji wake amepata mafunzo maalumu. Parasetamoli, dawa inayotuliza maumivu na kushusha homa, hutosha kwa wengi: mtu mzima humeza tembe 1 au 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidi tembe 8 kwa siku, kwani ziada huharibu ini, na dalili za madhara hayo huweza kuchelewa, na kwa kuwa dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, kusoma pakiti ni lazima.

Mtoto hupimiwa dozi kwa uzito, wala hapewi aspirini kabla ya miaka 16. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazopendwa na wenye maumivu ya misuli, humezwa baada ya chakula, na hazimfai mjamzito wala mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Homa ni dalili, si ugonjwa, hivyo mwenye homa, hasa aliyetoka Kyela au Usangu kwenye joto na mbu wengi, apimwe malaria kabla ya kumeza dawa mseto ya ugonjwa huo. Shingo ikikakamaa, degedege ikitokea, mgonjwa akichanganyikiwa, au kichanga wa chini ya miezi 3 akipata homa, apelekwe kituo cha afya mara moja.