Kipupwe cha Lushoto, mwaka wa barakoa

Barakoa haikauki Lushoto mwezi wa sita. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuumbua siku ya pili tu, sisi watu wa Handeni ambao nguo tukiianika saa nne, saa sita tunaikunja.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu Aprili 2020 nilikuwa nashona barakoa za vitenge mpaka usiku, nauza elfu moja moja, kwa hiyo tulipopanga kupandisha familia mlimani nilijiona nimejiandaa kuliko mtu yeyote. Nilibeba kumi na nane: watu sita, tatu tatu. Moja usoni, moja kwenye maji, moja kwenye kamba. Hiyo ni hesabu ya Handeni. Kule juu za kwenye kamba zilikaa siku tatu. Ukungu unashuka jioni, unalala juu ya kamba, unaondoka kesho yake saa nne. Jua linachungulia kidogo, halafu ukungu unarudi. Na barakoa mbichi inanata puani. Mtoto anahema kama amefunikwa taulo, mwishowe anaishusha chini ya kidevu, na kidevu hakipumui. Niliishia kukaa barazani na pasi ya mkaa, nazipiga moja moja mpaka mvuke uishe, kila jioni. Ukienda na watoto, hesabu sita kwa kila mtu, na usishone kitambaa kizito. Kile kitenge cha nta ninachokisifia dukani kwangu ndicho kilichochelewa kukauka kuliko vyote.

Kila kipupwe kikija na mafua yake huwa naulizwa tulifanyaje safari ile. Basi leo nitasimulia yote, pamoja na tulipokosea.

Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17. Mume wangu ni mwalimu, kwa hiyo alikuwa nyumbani na watoto wetu watatu, na nyumba ya vyumba viwili ilikuwa imeanza kutusonga. Idd ya Mei ilipita kimyakimya. Idadi ya wagonjwa wa korona waliotangazwa nchini ilikuwa imesimama kwenye 509, wengi mjini walikuwa wameshazivua barakoa, na wateja wangu wakapungua. Mimi roho ilikuwa bado haijatulia. Lakini shangazi yake mume wangu anaishi Lushoto, ana sabini na ushei na sukari yake, na tangu Desemba hakuwa ameonwa na mtu wa kwao. Mama mkwe, aliye Korogwe, akasema hawezi kukaa hivyo wakati wifi yake yuko peke yake mlimani. Safari ikazaliwa hapo.

Jambo lililonisumbua kuliko mizigo lilikuwa mahali pa kulala. Shangazi ana vyumba vitatu. Kwenda Lushoto ukalale nyumba ya kupanga, ilhali shangazi wa mumeo yupo, ni tusi. Lakini kumwingizia mtu wa umri ule watu sita kutoka bondeni, walale naye na madirisha yamefungwa kwa baridi, nilikataa. Kama una mzee wa namna hii, nakushauri habari ifike kabla yako, na ifikishwe na mkubwa. Tulimpa kazi hiyo mjomba wa mume wangu, akampigia simu wiki nzima kabla, akamweleza kwa utaratibu. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akauliza tutaleta machungwa mangapi. Tungefika mlangoni na kumwambia uso kwa uso kwamba tunalala kwingine, nadhani angekuwa hajatusamehe mpaka leo.

Wiki mbili kabla ya kuondoka tulijifungia. Nilipokea kazi kwa kuachiwa vitambaa kwenye kiti nje. Mama mkwe aliacha kuuza vitumbua vyake, na hilo lilimuuma kuliko lolote. Nyumba mbili zinazosafiri pamoja lazima zijifungie pamoja, la sivyo moja inaichafulia nyingine.

Handeni mpaka Korogwe ni kilomita 65 za lami, mwendo wa vumbi na joto hata mwezi wa sita. Tulikodi Noah badala ya kupanda basi. Kwenye mabasi kulikuwa na agizo la "level siti", hakuna kusimama, lakini ukishatoka stendi agizo lilitegemea kondakta. Korogwe tukampakia mama mkwe bila kushuka, tukaendelea kama kilomita 40 hadi Mombo, vioo vyote chini. Hapo hakuna aliyelalamika. Mombo ni bonde, joto lake ni la mkonge.

Ukikata kona pale Mombo kuelekea juu, zinabaki kilomita 30 na ushei, na mambo yanageuka. Barabara ile ilichongwa ubavuni mwa mlima enzi za Wajerumani; upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo lenye mto. Kona haziishi. Watoto wa Handeni wamezoea barabara iliyonyooka mpaka upeo wa macho, tumbo haliwezi kuelewa. Kabla ya kona ya kwanza mvue mtoto barakoa. Wa kati wangu alitapika ndani ya yake, karibu na maporomoko ya Soni, na sitaeleza zaidi. Usitegemee rambo pia: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na mfuko mbadala unavuja. Beba kindoo chenye mfuniko. Mpe mtoto muhogo mkavu au biskuti, asinywe soda, akae karibu na dirisha.

Soni ndipo vioo vilipoanza kupanda. Kwanza cha mkubwa, kisha cha dereva. Kila ukipanda mita elfu moja joto linapungua kama nyuzi sita, na kutoka Korogwe mpaka Lushoto, mji ulio kwenye mita 1,400 hivi, unapanda zaidi ya hizo elfu. Gari likawa na joto zuri la pumzi za watu saba. Hapo ndipo nilipoelewa shida ya safari yetu nzima: kila kinachokupa joto mlimani ndicho kinachoalika ugonjwa. Chumba kilichofungwa, watu kubanana, jikoni penye moto ambapo wote wanasogea na kusimulia. Nyumbani kwetu maisha yako nje, chini ya mwembe, upepo unapita. Baridi inawaingiza watu ndani na kufunga mlango nyuma yao. Watu husema baridi inaleta mafua. Mimi naona inatukusanya tu, mafua yanatukuta tumeshakusanyika.

Kwa hiyo tuliamua joto liwe la mwili, siyo la chumba. Soksi mbili, sweta la mtumba juu ya fulana, kofia ya sufu hata kitandani. Masweta nilinunua Handeni, ambako hakuna anayeyagombea, nikayafua na kuyaanika juani siku nzima. Lushoto mtumba ni mwingi na mzuri zaidi, lakini gulio lilijaa watu bega kwa bega. Usiku chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, moja kwa kila mtoto, miguuni. Dirisha wazi upana wa ngumi, haidhuru. Mama mkwe alilifunga kila nikisinzia, nami nikalifungua kila akisinzia, tukaenda hivyo siku kumi.

Usiku wa kwanza, hata hivyo, nilikosea vibaya. Nyumba tuliyopanga ilikuwa baridi kama mtungi, na mtunzaji wake akatuletea jiko la mkaa lililokolea vizuri, jekundu, bila moshi hata kidogo. Nikaliweka chumbani kwa watoto na mama mkwe, dirisha bado limefungwa. Saa saba ya usiku mdogo akaja kulia kichwa. Nikamfuata mama mkwe, nikamkuta ameketi kitandani anashika paji la uso, maneno mazito. Nilifungua mlango na dirisha, nikalitoa jiko nje kwa mikono yenye kanga, tukakaa barazani sote tumejifunika mablanketi mpaka vichwa vikatulia. Mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini hewa yake ya sumu inaendelea kutoka, na haina harufu wala rangi. Mlimani inaua watu waliolala. Tulikuwa tumekuja kukwepa ugonjwa wa mapafu, nikakaribia kuwamaliza wangu kwa jiko la kuotea moto. Tangu usiku ule jiko halikuvuka kizingiti.

Kunawa mikono kulikuwa na vita vyake. Ndoo yenye bomba tuliibeba, lakini maji ya Lushoto asubuhi yanauma mpaka kwenye mfupa, na mtoto anajifanya amenawa. Unamtambua kwa kuwa sabuni haipungui. Dawa yake ni chupa ya chai: unamimina kikombe kimoja cha maji moto kwenye ndoo, yanakuwa vuguvugu, mtoto anataka kunawa mwenyewe mara tano.

Kwa shangazi tulikwenda kila siku kuanzia saa tano, jua likishapata nguvu, tukakaa uani kwake. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Watoto wamezoeshwa kumshika mkono mkubwa wanapomwamkia. Sasa wamepangwa mstari kwenye majani, hatua tatu, wanasema "Shikamoo, bibi" kama wako paredi. Alijibu marahaba bila kututazama. Mume wangu akajaribu kumchekesha kwa salamu ya miguu, ile ambayo Rais Magufuli na Maalim Seif walisalimiana Ikulu Machi 2020. Shangazi akautazama mguu ulionyooshwa mbele yake, akasema, "Mtoto wa kaka yangu amenipiga teke." Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini, na utani wa mawifi ukaanza pale pale. Kuanzia hapo siku ikawa yetu. Tulipika nje kwa mafiga matatu, unga wa Handeni na njegere na karoti za kwake, kila mtu na sahani yake, jambo ambalo kwetu nalo ni geni. Sinia moja ndiyo desturi.

Siku ya nne wa kati akashikwa na homa. Hili nataka mlisome polepole. Mwili moto, anatetemeka, kichwa. Mwaka ule neno "homa" lilitosha kuhamisha mtaa. Mtunzaji wa nyumba alianza kuongea nasi kupitia dirishani. Nami usiku kucha nilikuwa nahesabu nani amekaa karibu na shangazi. Asubuhi tukampeleka zahanati, mimi na yeye tu, barakoa zimepigwa pasi. Wakamtoboa kidole, kipimo cha haraka, mistari miwili: malaria. Lushoto mbu wa malaria ni wachache kwa ajili ya baridi, kwa hiyo watu wa bondeni tukiwa juu tunaisahau kabisa. Lakini malaria hukaa mwilini wiki moja, mbili au hata zaidi kabla ya kujitokeza. Alikuja nayo kutoka Handeni. Akapewa dawa mseto, siku ya tatu anakimbia. Mtoto wako akipata homa mlimani, usikae nyumbani ukiogopa kusemwa. Mpime malaria siku hiyo hiyo, na usiishie hapo kama kipimo kikikataa.

Siku nzuri kuliko zote ilikuwa ya Irente. Tulitembea kwa miguu kutoka mjini, taratibu kwa ajili ya mama mkwe, kwenye njia ya mashamba na misitu ya kupandwa. Unafika ukingoni mwa mwamba, na ardhi inakatika. Chini kabisa Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa kama vitambaa vya viraka, na nyuma yake nyika inakwenda mpaka inapotelea kwenye ukungu wa joto. Palikuwa na sisi tu. Ndege za nje ziliruhusiwa tena Mei, lakini wageni hawakuwa wamerudi. Watoto wakavua barakoa, wakapiga kelele bondeni. Mkubwa akauliza Handeni iko wapi, baba yake akamwonyesha kusini, kwenye rangi ya kahawia. "Mbona panaonekana pana jua?" akasema mdogo, meno yanagongana.

Tangazo la kufungua shule Juni 29 lilitukuta huko huko, kwenye redio ya shangazi. Mume wangu alishukuru Mungu kwa sauti.

Tuliposhuka, masweta yalianza kuvuliwa kona kwa kona. Kufika Mombo watoto walikuwa na fulana tu na vioo vyote vimeshuka bila kuambiwa. Nikabandika kalenda ukutani Handeni, siku kumi na nne, kila jioni tunapiga simu: unakohoa, shangazi? Kifua? Pumzi? Alijibu kila mara kwa upole unaozidi kupungua. Siku ya kumi na tatu akapiga yeye mwenyewe, asubuhi.

"Mmeshamaliza kunihesabu?"

Nikamwambia bado siku moja.

"Basi ikiisha, mrudi mnishike mkono. Na machungwa yale yalikuwa machache."