Kuilinda Piano Dhidi ya Unyevu wa Nyumbani

Mlaji anayenunua piano iliyokwisha kutumika Ulaya hupokea mbao zilizozoea nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi, ambamo hewa huwa kavu. Ikiwekwa katika ghorofa ya Kariakoo, Kisutu au Upanga, piano hiyo hukutana na hewa ya pwani ambayo asubuhi za masika, kati ya Machi na Mei, hupita unyevu wa asilimia 80. Mbao hunywa unyevu huo na kuvimba. Ubao wa sauti huinuka na kuzikaza nyuzi, na mlio hupanda bila usawa. Vibonyezo hukwama, nyuzi za chuma hushika kutu.

Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Hatumshauri mlaji kukifukuzia kiwango hicho kwa saa mbili za jioni. Kiyoyozi kinapowashwa jioni na kuzimwa usiku, chumba hukauka, kisha unyevu hurudi wote alfajiri madirisha yakifunguliwa. Mbao husinyaa na kuvimba kila siku, na mwendo huo ndio hupasua ubao wa sauti na kulegeza vigingi vinavyoshika nyuzi. Asilimia 65 isiyobadilika ina nafuu kuliko 50 ya jioni na 85 ya asubuhi.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununuliwa ni kipimaunyevu kidogo, kabla ya mashine yoyote ya bei kubwa. Vipimo vya bei nafuu hukosea mara nyingi, lakini mlaji anaweza kukihakiki chake mwenyewe. Weka chumvi ya mezani katika kifuniko cha chupa, itie matone ya maji hadi iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Baada ya saa nane au zaidi, kipimo kisomeke asilimia 75. Kikisoma 70, ongeza 5 katika kila usomaji.

Piano isiegemezwe ukuta wa nje unaolowa mvua, wala isikae karibu na dirisha, jiko au bafu. Iachie nafasi ya kiganja nyuma yake. Mashine ya kukausha hewa hufaa katika chumba kinachofungwa. Ndoo yake imwagwe kila siku, na gharama ya LUKU ihesabiwe mapema. Bakuli la mchele au chumvi, ambalo wengi huliamini, haliwezi kukausha chumba kizima. Mafuta ya kuzuia kutu yasipulizwe kwenye nyuzi kamwe, kwani yakifika kwenye vigingi piano haitashika tena sauti.

Fundi aitwe kuirekebisha baada ya masika kwisha, hewa ikishatulia. Kufanya hivyo mvua zikiendelea ni kulipa mara mbili.

Kabla ya kulipa, mlaji amtake muuzaji afungue kifuniko, aangalie kutu na nyufa, na abonyeze kila kibonyezo. Maelezo ya muuzaji kuhusu umri na hali ya piano yaandikwe, na risiti ya EFD idaiwe. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na maandishi hayo ndiyo ushahidi atakaouhitaji akilalamika.